Historia ya Kuchagua Dume: Jicho, Mizani na Chembe za Urithi

 

Leo tunazungumza habari za dume la ng'ombe wa nyama. Si habari za kumlisha wala kumwogesha, bali habari za kumchagua. Mwenye ng'ombe jike 10 akikosea kuchagua jike mmoja, hasara yake ni ndama mmoja kwa mwaka. Akikosea kuchagua dume, amekosea ndama wote kwa mkupuo. Tena kosa hilo haliishi mwaka ule ule. Ukiweka mitamba wa dume huyo, nao wakazaa, damu yake inaendelea. Piga hesabu: nusu ya damu ya ndama hutoka kwa baba yake, robo hutoka kwa baba wa mama yake, na sehemu 1 katika 8 hutoka kwa baba wa bibi yake. Jumlisha. Utakuta kwamba sehemu 7 katika 8 za damu ya ndama wako zimetoka kwa madume 3 tu, waliopita zizini mwako mmoja baada ya mwingine.

Sasa, dume wa mbegu bora, au mbegu yake ya uhimilishaji, mara nyingi huja na karatasi. Karatasi ile ina tarakimu: hapa +30, pale -2, kule asilimia 65. Mfugaji huiangalia kama anavyoangalia cheti kilichoandikwa na daktari mwenye haraka. Mmoja huiamini yote, akanunua kwa sababu tarakimu ni kubwa. Mwingine huitupa, akasema ng'ombe hanunuliwi kwa karatasi. Wote wawili wanaweza kupata hasara. Ili tuielewe karatasi hiyo, inafaa tujue tarakimu zake zimetoka wapi. Historia yake ni ndefu, na ndani yake mna mafunzo ambayo wafugaji wa nchi nyingine waliyalipia kwa gharama kubwa. Sisi tunaweza kuyapata bure.

Enzi ya jicho

Tangu zamani, wafugaji wa kila nchi walichagua dume kwa jicho. Wazee wetu waliangalia umbo, miguu, rangi, na zaidi ya yote waliuliza habari za mama yake: Je, anazaa kila mwaka? Ana maziwa ya kutosha ndama na watoto? Mwaka wa ukame alisimama au alianguka?

Huko Uingereza alikuwako mkulima mmoja, jina lake Robert Bakewell, aliyezaliwa mwaka 1725 na kufariki mwaka 1795. Shamba lake lilikuwa Dishley, katika jimbo la Leicestershire. Wakati ule wafugaji wengi waliwaacha majike na madume wachangamane ovyo malishoni. Bakewell aliwatenga, akapandisha kwa mpango. Alifuga kondoo na ng'ombe wenye pembe ndefu, akawa anatafuta mnyama anayenenepa upesi. Madume wake wa kondoo aliwakodisha kwa msimu. Sikilizeni vizuri hapo. Dume alipokwenda kuzalisha katika shamba la mwingine, Bakewell alipata nafasi ya kuona watoto wake. Akiona wamekuwa wazuri, dume yule alirudi kutumika nyumbani.

Mtu huyu hakujua lolote juu ya chembe za urithi, maana elimu hiyo ilikuwa haijapatikana. Lakini alikwisha kung'amua jambo ambalo mpaka leo ndilo msingi wa karatasi tunayoizungumzia: umbo la dume ni dalili tu, ushahidi ni watoto wake.

Hata hivyo Bakewell alituachia na onyo. Ng'ombe wake alimchagua kwa mafuta na unene. Unene aliupata, lakini maziwa yalipungua na uzazi ukadhoofu. Baada yake, aina ile ya ng'ombe ilipitwa na ng'ombe wenye pembe fupi, wanaoitwa Shorthorn, walioendelezwa na ndugu wawili, Charles na Robert Colling, katika jimbo la Durham. Mwaka 1810 dume wa Charles aliyeitwa Comet aliuzwa kwa gini 1,000, yaani paundi 1,050, fedha nyingi mno kwa wakati ule. Mwaka 1822 George Coates akatoa kitabu cha kuandika koo za ng'ombe hao wa Shorthorn.

Hiyo ndiyo karatasi ya kwanza ya dume. Ilisema baba yake nani, mama yake nani, babu yake nani. Lakini haikusema ndama wake watakuwa na kilo ngapi. Kwa miaka zaidi ya 100 wafugaji wa Ulaya na Amerika walinunua madume kwa vitu viwili: jina la ukoo katika kitabu, na utepe wa ushindi uliotolewa na mwamuzi katika maonyesho.

Ndama vibete

Basi, tuvuke bahari twende Marekani. Katika miaka ya 1930 na 1940 waamuzi wa maonyesho ya ng'ombe wa nyama huko walipenda ng'ombe mfupi, mnene, mpana, mwenye miguu mifupi. Kila mwaka aliyeshinda alikuwa mfupi kuliko wa mwaka uliopita. Wafugaji nao wakafuata, maana dume mwenye utepe ndiye mwenye bei.

Kisha yakaanza kuzaliwa mambo ya ajabu. Katika makundi ya ng'ombe wa Hereford na Angus, yenye vitabu vya ukoo visivyo na doa, walizaliwa ndama vibete: kichwa kipana, tumbo limevimba, pumzi za kukoroma. Wengi walikufa mapema, na waliobaki hawakuwa na faida yoyote. Wafugaji wengine waliona haya wakaficha, kwa kuogopa kwamba mnunuzi akisikia hatarudi.

Je, ugonjwa huu ulitoka wapi? Ulikuwamo katika damu, umejificha. Kila mnyama hupokea chembe za urithi mbili mbili, moja ya baba na moja ya mama. Ng'ombe mwenye chembe moja ya ubete na moja nzima haonekani kuwa na ugonjwa. Lakini mbebaji akipanda mbebaji, ndama 1 katika 4, kwa wastani, hupata chembe mbaya pande zote mbili, naye huzaliwa kibete. Tena wabebaji wengine walikuwa wafupi kidogo na wanene kidogo kuliko wenzao, yaani umbo lile lile lililopendwa na waamuzi. Kwa hiyo jicho lilikuwa linachagua ugonjwa likidhani linachagua uzuri.

Kusafisha makundi kulikuwa kazi nzito. Kipimo cha damu hakikuwapo. Kumthibitisha dume kuwa ni safi ilibidi apandishwe kwa majike waliojulikana kuwa wabebaji, kisha watu wangoje. Akizaa ndama 16 bila kibete hata mmoja, ndipo uwezekano wa kuwa yeye ni mbebaji hushuka mpaka karibu 1 katika 100. Fikirini: mimba miezi tisa, majike 16 yametengwa kwa kazi hiyo tu, kwa ajili ya dume mmoja. Ilichukua miaka mingi, na koo nyingi zenye sifa zikaachwa.

Mizani ya Miles City

Wakati waamuzi wakigawa tepe, watu wengine walikuwa wanafanya kazi isiyo na shangwe. Katika mji wa Miles City, jimbo la Montana, kaskazini mwa Marekani, kulikuwa na ngome ya zamani ya askari, Fort Keogh. Mwaka 1924 ngome hiyo ilikabidhiwa wizara ya kilimo ya nchi hiyo iwe kituo cha utafiti wa mifugo. Mwaka 1934 kituo kikaanzisha kundi la ng'ombe wa Hereford lililoitwa Line 1, kutokana na madume wawili waliochangia baba. Tangu hapo kundi lile lilifungwa, damu ya nje haikuingizwa. Na kazi ya kila siku ilikuwa moja: kupima na kuandika. Uzito wa kuzaliwa, uzito wa kuachishwa kunyonya, uzito baada ya kunenepeshwa.

Mwaka 1937 Jay Lush, mwalimu wa chuo kikuu katika jimbo la Iowa, alitoa kitabu juu ya mipango ya kuzalisha mifugo, akafundisha kuchagua wanyama kwa hesabu. Na mwaka 1946 Bradford Knapp na Arne Nordskog walichapisha hesabu zilizotokana na madaftari ya Miles City, kuonyesha kwamba tofauti za ukuaji kati ya madume hurithiwa na watoto wao.

Jambo hili lataka kuelezwa vizuri. Ndama wako mmoja ana kilo 120, mwingine kilo 150. Je, tofauti hiyo ya kilo 30 ni damu au ni malezi? Huenda mmoja alizaliwa mwanzo wa mvua, mwingine wakati wa kiangazi. Huenda mama wa mmoja ni mzee. Wataalamu waligundua kwamba katika tofauti za uzito wa kuachishwa kunyonya, karibu robo hutokana na urithi, na zilizobaki hutokana na malisho, magonjwa, umri wa mama na mengineyo. Uzito wa mwaka mmoja hurithiwa zaidi ya hapo. Uwezo wa kushika mimba hurithiwa kidogo sana, karibu sehemu 1 katika 10 au pungufu. Kwa hiyo dume aliyenenepa kwa pumba na mashudu anaweza kukudanganya. Umenunua mashudu, siyo damu.

Na lile kundi la Line 1? Dhoruba ya vibete ilipovuma katika miaka ya 1950, kundi hilo lililochaguliwa kwa mizani lilionekana kuwa halina chembe ya ubete. Wafugaji waliokuwa wakilipita sasa wakalikimbilia.

Hesabu inaingia

Ilibaki shida moja. Unawezaje kumlinganisha dume wa shamba lenye majani tele na dume wa shamba la ukame? Aliyelitatua hilo ni Charles Henderson, mwanafunzi wa Iowa aliyekuja kufundisha katika chuo kikuu cha Cornell. Alitengeneza hesabu inayotenganisha ubora wa shamba na ubora wa damu. Hesabu hiyo hulinganisha ndama waliokua pamoja, mahali pamoja, msimu mmoja. Kisha hutumia madume waliozaa katika mashamba mengi kwa njia ya uhimilishaji kama kamba ya kuyaunganisha mashamba hayo. Huchanganya habari za dume mwenyewe, wazazi wake, ndugu zake na watoto wake, kila moja kwa uzito wake.

Mwaka 1968 wafugaji na wataalamu wa Marekani waliunda shirikisho la kusawazisha namna ya kupima ng'ombe wa nyama. Mwaka 1971 chama cha ng'ombe wa Simmental cha huko kilitoa orodha ya kwanza ya taifa ya alama za madume wa nyama. Mwaka 1985 Australia nao wakaanzisha mpango wao, uitwao Breedplan. Hapo ndipo zilipozaliwa tarakimu za karatasi yetu.

Alama inasema nini?

Haya, sasa tuisome. Tuchukue mfano wa kubuni. Dume wa kwanza ana alama ya uzito wa kuachishwa kunyonya +30. Dume wa pili, wa aina ile ile, ana +10. Alama ni katika kilo.

Kwanza, alama hiyo haikuambii uzito wa dume. Inakadiria tofauti itakayoonekana kwa watoto. Kwa hesabu ya Marekani, inayoandika sehemu ile tu ambayo dume humpa ndama, ndama wa dume wa kwanza watawazidi wa dume wa pili kwa kilo 20 kwa wastani, wakizaliwa na majike yanayolingana na kulishwa sawa. Kwa hesabu ya Australia, inayoandika thamani yote ya dume, unagawa kwa 2, kwa sababu dume humpa ndama nusu tu ya damu yake. Tofauti itakuwa kilo 10. Kwa hiyo uliza kwanza: hesabu hii ni ya nchi gani?

Pili, 0 haina maana ya bure. Sifuri ni alama ya kuanzia iliyowekwa na chama cha aina hiyo ya ng'ombe. Ikiwa wastani wa madume wa leo wa aina hiyo ni +40, basi dume wa +30 yuko chini ya wenzake. Uliza wastani. Tena usilinganishe alama ya Angus na alama ya Simmental moja kwa moja. Kila chama kina kipimo chake, kama debe na pishi.

Tatu, kubwa si bora siku zote. Alama ya uzito wa kuzaliwa ikiwa kubwa, maana yake ndama ni mkubwa tumboni. Ukimpandisha dume huyo kwa mtamba mdogo wa kienyeji, unaweza kumpoteza mtamba na ndama pamoja. Wamarekani walipochoka na ng'ombe wafupi waligeuka upande wa pili, wakataka warefu na wakubwa, wakaleta damu ya Charolais na Simmental kutoka Ulaya. Ukuaji waliupata, na ndama wa kuvutwa kwa kamba nao wakaongezeka. Wanaokua haraka huelekea pia kuzaliwa wakubwa. Ni mchezo ule ule wa Bakewell: ukifukuza jambo moja, jingine linakuponyoka.

Nne, tazama asilimia ya uhakika. Dume kijana asiye na mtoto ana uhakika mdogo, maana alama yake ni wastani wa wazazi tu. Ndugu wawili wa baba mmoja na mama mmoja hawarithi sawa, kama tunavyoona katika nyumba zetu. Dume mwenye watoto mamia waliopimwa ana uhakika mkubwa, na alama yake haibadiliki sana. Alama kubwa yenye uhakika mdogo ni ahadi. Alama ya wastani yenye uhakika mkubwa ni akiba.

Kipimo cha chembe za urithi

Mwaka 2001 wataalamu watatu, Meuwissen, Hayes na Goddard, walionyesha kwa hesabu kwamba ingewezekana kukadiria thamani ya mnyama kwa kusoma maelfu ya alama katika chembe zake, hata kabla hajazaa. Mwishoni mwa mwaka 2007 kilitoka kipimo kinachosoma sehemu zaidi ya 50,000 kwa mara moja. Na mwezi Aprili 2009 ilitangazwa kwamba urithi wote wa ng'ombe umekwisha kusomwa, na kwamba ng'ombe ana chembe za urithi zisizopungua 22,000. Kazi hiyo ilifanywa na wataalamu wapatao 300 kutoka nchi 25.

Unajua ng'ombe aliyesomwa ni nani? Ni jike wa Hereford aitwaye L1 Dominette, wa kundi lile lile la Miles City lililofungwa mwaka 1934. Alichaguliwa kwa sababu kundi lake limezaliana lenyewe miaka mingi, hivyo chembe za upande wa baba na za upande wa mama zinafanana sana, nayo inarahisisha kusoma.

Basi nywele chache za mkia au tone la damu la ndama vinaweza kupelekwa maabara, na alama ikatoka. Uhakika wake huwa kana kwamba dume yule kijana tayari ana watoto kadhaa waliopimwa. Lakini angalieni msidanganyike. Chembe peke yake hazina mdomo. Mashine husoma alama, ila haijui alama ipi inaleta kilo na ipi haileti. Hujifunza hayo kwa kulinganisha na ng'ombe maelfu waliosomwa chembe na pia wakapimwa kwa mizani. Pasipo daftari la uzito, kipimo cha chembe hakisemi kitu.

Kipimo hicho kina faida nyingine iliyo wazi zaidi. Mwaka 2008 wafugaji wa Angus Marekani walianza kutoa taarifa za ndama waliozaliwa wafu, migongo imepinda na miguu imekakamaa. Walio wengi walikuwa na damu ya dume mmoja mashuhuri, GAR Precision 1680, aliyependwa sana kwa alama zake nzuri za ubora wa nyama. Ubaya ulikuwamo kimya, kama ule wa vibete, ukisafiri pamoja na sifa. Lakini safari hii haikuchukua miaka. Mtaalamu Jonathan Beever wa chuo kikuu cha Illinois aliitafuta chembe yenye kasoro, na kabla ya mwaka ule kwisha madume walikuwa wanapimwa na kutangazwa nani msafi na nani mbebaji. Hakuna aliyelazimika kungoja ndama 16.

Funzo lake ni hili: alama nzuri na usafi wa damu ni mambo mawili. Karatasi inaweza kuwa na la kwanza bila la pili. Uliza yote.

Dume wa kwao na nyumba yetu

Limebaki jambo linalotuhusu sisi zaidi. Katika miaka ya 1960 wataalamu walifanya jaribio la kubadilishana ng'ombe. Hereford wa Line 1 walitolewa Montana, kwenye theluji, wakapelekwa Brooksville katika jimbo la Florida, kwenye joto na unyevu. Na Hereford waliozoea Florida wakapelekwa Montana. Ni aina moja, jina moja, kitabu kimoja. Matokeo yalichapishwa mwaka 1979: kila kundi lilifanya vizuri zaidi kwao kuliko ugenini.

Ikiwa Hereford na Hereford, ndani ya nchi moja, hawakulingana walipohamishwa, tuseme nini juu ya dume aliyepimwa katika nyasi za Ulaya anayekuja kukutana na kupe, ndigana na kiangazi cha miezi sita? Alama yake ni ya kweli, lakini ni ya kweli kwa nyumba yake. Haikupima kuvumilia kupe. Haikupima kutembea mwendo mrefu kwenda majini. Tena vile vipimo vya kwanza vya chembe vilitengenezwa zaidi kwa kuangalia ng'ombe wa asili ya Ulaya, kwa hiyo havimsomi zebu wetu kwa ukamilifu kama anavyosomwa Angus.

Kuchagua kwa kumbukumbu si ugeni kwetu. Mpwapwa, Dodoma, kituo cha mifugo kilichanganya damu ya zebu wetu, Boran, Sahiwal na Red Sindhi kutoka Bara Hindi, na damu kidogo ya Ulaya, wakichagua chini ya jua la hapa hapa, mpaka akapatikana ng'ombe anayeitwa Mpwapwa. Kenya, wafugaji wa Boran waliunda chama chao mwaka 1951, na mbegu ya Boran imefika hata Afrika Kusini na Australia. Ng'ombe wetu anatafutwa na wengine kwa sababu ya yale ambayo karatasi za kigeni hazikuyapima.

Mambo ya kushika

Ndugu mfugaji, ukienda kutafuta dume, au kijiji kikiamua kununua dume wa pamoja, shikeni haya.

1. Uliza alama ni ya aina gani ya ng'ombe, ni ya hesabu ya nchi gani, na wastani wa aina hiyo ni ngapi.

2. Tazama uhakika. Ukiwa na fedha ya dume mmoja tu, usiiweke yote kwenye ahadi.

3. Kwa mitamba na majike madogo, tazama kwanza urahisi wa kuzaa na uzito wa kuzaliwa, ndipo ukuaji.

4. Uliza kama dume amepimwa kasoro za urithi. Na usimwache dume azeeke zizini mpaka awapande binti zake, maana hapo kasoro zilizofichika hukutana. Badilishaneni na kikundi cha mbali.

5. Usilitupe jicho. Miguu, kwato, macho, korodani, na jinsi anavyopanda, havionekani vyote katika karatasi. Mwite bwana mifugo amkague.

6. Anza daftari. Andika tarehe ya kuzaliwa, jina la mama, jina la baba, na uzito wa kuachishwa kunyonya. Kama hakuna mizani, tumia utepe wa kupimia kifua. Si sawasawa kama mizani, lakini ukiutumia kwa ndama wote utakuonyesha nani mbele na nani nyuma. Na ulinganishe ndama wa msimu mmoja.

Hilo la 6 ndilo kubwa kuliko yote. Maabara ya kusoma chembe inaweza kujengwa kwa fedha. Madaftari ya uzito wa ng'ombe wetu, katika malisho yetu, hayanunuliki popote. Watu wa Miles City walianza na madume wawili, mizani na kalamu mwaka 1934. Zebu na Boran wa mkulima mdogo watapata alama zao za kweli siku tutakapokuwa tumewaandika wa kutosha, na anayeweza kuwaandika ni mwenye zizi.